Kuakisi Bila Kufuta

Waliponisimamisha kuimba, kompyuta hawakuninyang'anya. Hilo naomba lieleweke mapema, maana watu wakisikia mtu amesimamishwa kwaya hudhani amefungiwa mlango wote. Mimi nilifungiwa upande mmoja tu. Jumamosi niliambiwa nirudishe sare, vile vitenge viwili na lile gauni la njano la sherehe, na Jumatatu yake katibu wa kwaya akanipigia simu kuniuliza kwa nini spika za ofisini hazitoi sauti. Nikaenda nikazitengeneza. Tumbo lilikuwa limeshaanza kuonekana, nimeinama chini ya meza ya ofisi ya usharika kutafuta waya uliochomoka, katibu amesimama juu yangu ananimulikia kwa tochi ya simu. Sauti yangu ilikuwa haifai kanisani, lakini mikono yangu ilifaa sana. Nilicheka peke yangu kule chini, na katibu akauliza kama nimeumia.

Kanisa letu liko Kiseke, limejengwa juu ya mawe kama nusu ya nyumba za Ilemela. Kazi yangu ya kula ni Mkuyuni, kwenye duka la kutengeneza kompyuta na simu, na kwa sababu hiyo kila kitu chenye waya pale kanisani kilikuwa changu tangu zamani. Hakuna aliyenipa cheo. Mambo yakiharibika, waliniita.

Kwetu binti akipata mimba bila ndoa anatengwa. Hashiriki meza ya Bwana, haimbi, hasomi neno mbele ya watu, mpaka siku atakayosimama mbele ya usharika wote, atubu, apokelewe. Tunaita kurudi kundini. Kina mama wanapiga vigelegele, mchungaji anakushika mkono, yanakwisha. Kwa mwanamume sheria ni hiyohiyo, kwenye karatasi. Lakini tumbo huota kwa mmoja. Yule niliyekuwa naye aliimba besi, mstari wa nyuma, na nilipoanza kutapika yeye akapata kazi Geita. Mpaka leo yumo kwenye video zetu zote, amesimama juu ya jiwe kando ya ziwa, amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni, ametulia kabisa. Hakuna kamati iliyokaa kumjadili. Lilinikera wakati ule na linanikera sasa ninapoandika.

Kabla ya hayo yote niliongoza nyimbo kadhaa, na mmoja niliutunga mwenyewe. Ulikuwa wimbo wa kuvuka. Mama yangu alivuka kutoka Bukoba kwa meli akiwa bibi harusi, na amenisimulia mara nyingi jinsi alivyokaa sitahani ameshikilia sanduku lake, anayaogopa maji, na anaiogopa zaidi nyumba anayokwenda. Nikaugeuza woga wake kuwa shukrani. Mimi naanza peke yangu, kina mama wa sauti ya pili wananijibu, halafu wanaume wanaingia chini yetu na wimbo unasimama. Mama naye aliimba humo, sauti ya pili. Tuliurekodi siku moja umeme ukakatika mara mbili katikati, tukarudia, na ile mara ya mwisho hakuna aliyekosea. Sijawahi kuimba vile tena. Huo ndio wimbo waliotaka kuufuta.

Niseme kidogo habari ya kompyuta, maana bila hiyo hamtaelewa jinsi ilivyokuwa.

Zamani nyimbo zetu zilikaa kwenye flashi. Flashi ya kwaya ilizunguka Mwanza yote: leo iko kwa mpiga picha, kesho iko stesheni ya redio, keshokutwa imechomekwa kwenye mashine ya kuchapa vipeperushi vya harusi, na kila ilikopita iliokota kirusi. Siku moja tukaifungua, folda zote zimegeuka vivuli visivyo na kitu ndani. Tulipoteza nyimbo za miaka mingi, zikiwemo za wazee ambao hawapo tena. Ndipo nilipoiwekea kompyuta ya ofisi mfumo mwingine usiobabaishwa na virusi vya flashi, nikatafuta diski ya pembeni, nikaanza kuakisi.

Kuakisi si kunakili. Kunakili ni kuchukua kitu hapa ukakiweka pale. Kuakisi ni kuifanya folda ya pale iwe sawasawa na folda ya hapa. Nilifanya kwa amri ya kuandika, dirisha jeusi, mstari mmoja: jina la programu, folda ya kompyuta, kisha folda ya diski. Haina picha wala vitufe vya kubofya, na ndiyo maana hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa. Ina adabu zake. Mwisho wa jina la folda kuna mkwaju, ule mstari mdogo ulioinama. Chukulia folda ni sufuria: ukiuweka unaiambia mashine ichukue vilivyomo ndani. Ukiusahau, inachukua sufuria nzima na kuiingiza ndani ya sufuria nyingine. Mwanzoni niliusahau sana, nikajikuta na folda ya nyimbo ndani ya folda ya nyimbo. Nilijifunza kwa kutukana kimoyomoyo.

Halafu kuna neno la kufuta. Ukiliongeza mwishoni mwa amri, baada ya vistari viwili, kila kilichoondolewa kwenye kompyuta kinaondolewa na kwenye diski. Nililiongeza kwa sababu tulirekodi majaribio mengi mabovu, watu wanakohoa, jogoo wa jirani anawika, na sikutaka takataka zile zijae pande zote mbili. Kila Jumamosi baada ya mazoezi nilikuja na diski kutoka nyumbani, ilikokaa kwenye kabati la vyombo imefungwa kwa kipande cha khanga, nikaendesha amri, nikairudisha. Katibu alipenda kuangalia. Akaniuliza neno lile ni la nini, nikamweleza. Nilimweleza vizuri, na yeye ni mtu wa kushika jambo akishaelezwa.

Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, kwaya ikapanga kupeleka nyimbo redioni. Kamati ikakaa. Katibu akaja Mkuyuni dukani kwetu, akasubiri nimalize na mteja.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, binti. Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

Akavuta kiti. Akasema kamati imeona si vizuri mtu aliye chini ya nidhamu asikike akiongoza. Watu watauliza. Kwa hiyo wanaomba nitoe sauti yangu kwenye zile nyimbo, wataweka ya dada mwingine.

"Haitoki," nikamwambia. "Tuliimba wote kwa pamoja, kipaza sauti kimoja, faili moja. Nikijitoa mimi, wote wanatoka."

Akafikiri. Ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionitia hasira zaidi, maana mtu akikufokea unajua pa kumshika.

"Basi nyimbo zenyewe zifutwe," akasema. "Tutarekodi upya. Ukilifanya hili, hata kurudi kwako kundini kutakuwa kwepesi."

"Na yule wa besi? Naye mnamfuta?"

"Huyo hakuja mbele yetu."

"Mimi pia sikuja. Nililetwa na tumbo."

Aliniaga kwa heshima, akaondoka. Nilikaa na bisibisi mkononi.

Mtu atasema: si ungejinakilia wimbo wako kwenye simu ukanyamaza? Wao wafute nakala yao, wewe ubaki na yako. Ningeweza, ni kazi ya dakika. Ila sikutaka sauti yangu iishi mafichoni kama kitu cha wizi. Niliimba kanisani, mbele ya watu, nikiwa nimevaa sare yao, na wimbo ule ulikuwa wa kwaya. Nilitaka ubaki palepale ulipoimbiwa, kwenye folda ya kwaya, kwa jina lake. Kuufuta ilikuwa ni kusema kwamba hata siku ile, kabla ya mimba na kabla ya yeyote kunihesabia kosa, sikuwahi kuwepo.

Nyumbani nako kulikuwa na vita, ya chini kwa chini. Mama hakunigombeza nilipobeba mimba, alinipikia. Lakini aliacha kukaa na kina mama kunywa chai baada ya ibada, anatoka moja kwa moja anarudi nyumbani, na hilo liliniuma kuliko ugomvi.

"Wafanyie wanachotaka, mwanangu," aliniambia akimwogesha mjukuu wake kwenye beseni. "Toa hiyo sauti yako yaishe. Jumapili uende mbele, tupige vigelegele, turudi nyumbani tule."

"Mama, ule wimbo ni wako."

"Wangu kivipi? Mimi niliogopa maji tu. Sauti ni kitu gani? Utaimba nyingine."

"Siitoi."

"Una kichwa kigumu kama baba yako," akasema, akampaka mtoto mafuta kwa nguvu mpaka mtoto akamshangaa.

Katibu hakunisubiri. Wiki ile akaingia ofisini mwenyewe, akafungua folda, akaziondoa nyimbo zangu zote kwenye kompyuta, na pipa la taka akalimwaga. Aliniambia waziwazi, bila kuficha, kama mtu anayetoa taarifa. Kilichobaki ni diski. Na diski, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe, hufuata kompyuta. Akataka Jumamosi nije nayo kama kawaida niendeshe amri, safari hii ukumbini, mbele ya kamati na wanakwaya wote, ili kila mtu ashuhudie kwamba limekwisha na pasiwe na maneno.

Nilikuja. Nilimbeba mtoto mgongoni na diski mkobani. Mazoezi yalikuwa yamekwisha, jua la mchana linaunguza mabati, na watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo. Mama alikuwa kwenye safu yake ya sauti ya pili, hakunitazama. Wakaunganisha kompyuta na ile projekta ya semina, dirisha jeusi likatokea ukutani, kubwa, kila mtu analiona. Sikuwa nimewahi kuandika amri na watu wote wale wakinisoma.

Amri ile ina herufi moja ya majaribio. Ukiiongeza, mashine inakwambia itakachofanya bila kukifanya. Nikaiongeza. Nikabonyeza. Ukutani ikashuka mistari, kila mstari unataja kitakachofutwa na jina la wimbo. Mwalimu wa kwaya, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema kitu juu ya jambo hili, akaanza kusoma kwa sauti bila kuombwa. Alipofika kwenye wimbo wa kuvuka akanyamaza, akavua miwani.

"Sasa ondoa majaribio, tumalize," katibu akasema.

Nikaiondoa ile herufi. Amri ikabaki imeandikwa kamili, na neno la kufuta mwishoni, inasubiri kitufe cha enta. Nikasogeza kiti nyuma nikasimama.

"Amri ni hiyo, imekamilika," nikasema. "Haijakosewa hata mkwaju. Ila mimi sibonyezi. Anayetaka nyimbo hizi zife, aje abonyeze yeye mwenyewe tumwone."

Nilikuwa nimepanga kuongeza maneno mengi, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njiani, yakanipotea yote. Mtoto akakoroma mgongoni. Katibu akawaangalia wajumbe wa kamati, nao kila mmoja akapata kitu cha kuangalia sakafuni. Ni rahisi kupitisha jambo kwa kunyoosha mikono mkiwa wengi. Kidole kimoja, mbele ya watu, ni kitu kingine. Katibu mwenyewe aliinuka nusu, akakaa.

Ndipo mama akasimama.

Alipita katikati ya viti polepole, anavuta khanga yake mabegani. Nilijua anakuja kubonyeza. Alishaniambia yaishe, na mama ni mtu wa kumaliza mambo. Ningeweza kuwapinga wote mle ndani, lakini yeye nisingeushika mkono wake. Akafika mezani, akainama kwenye skrini, akasoma mstari wote. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, kusoma hakumsumbui.

"Kwenye huu wimbo wa kuvuka," akaniuliza, "wanakutoa wewe?"

"Hapana, mama. Wanautoa wote."

"Na mimi?"

"Na wewe. Na kila aliyeimba. Hauchambuliki."

Akageuka kwa katibu. "Mliniambia mnatoa sauti yake."

"Mama, kitaalamu ikaonekana haiwezekani, sasa kamati—"

"Mimi nilidhani ni kama kuchambua mchele, unatoa jiwe unabaki na mchele. Kumbe mnamwaga na mchele wenyewe." Hakupandisha sauti. "Mimi nimekosa nini? Nimeolewa kwa pete, nimezaa ndani ya ndoa, nimemzika mume wangu kwa sala zenu. Nimetengwa lini?"

Akanigeukia tena, akaweka kidole kwenye skrini, juu ya neno la mwisho.

"Hili ndilo linalofuta?"

"Ndilo."

"Linaondolewaje?"

Nikamwonyesha kitufe cha kurudi nyuma. Akakibonyeza kwa kidole kimoja, herufi moja, akatazama ukutani kuona kama imetoka, akabonyeza nyingine. Watu wote wakawa wanasoma neno likipungua. Alipomaliza na vile vistari viwili akaniuliza enta ni ipi, nikamwonyesha, akaibonyeza kwa nguvu kama anayekanyaga mende. Mashine ikafanya kazi yake, ikapeleka kwenye diski mapya yaliyokuwepo, ya zamani haikuyagusa hata moja.

"Mtu akiniuliza, mwambieni ni mimi," akasema. Akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akachukua kitabu chake cha nyimbo akaanza kujipepea.

Nami sikuishia hapo. Nilikaa tena nikageuza amri: diski mbele, kompyuta nyuma, bila neno la kufuta. Kabla ya kubonyeza niliukuta kwenye kompyuta, nje ya folda ya kwaya, ule wimbo wa kuvuka uliorekodiwa upya wiki ile, yule dada mwingine akiongoza, na faili limepewa jina lilelile la langu. Ningeuingiza humo hivyohivyo, moja lingelifunika jingine. Nikaubadilisha jina kwanza, nikaandika "kuvuka, wa pili", nikauingiza kwenye folda. Yeye hakunikosea kitu, aliambiwa aimbe akaimba, na aliimba vizuri. Kisha nikabonyeza. Nyimbo zangu zikarudi kwenye kompyuta ya usharika, moja baada ya nyingine, ukutani, wote wanaona.

"Hilo halikuwa kwenye ajenda," katibu akasema.

"Liingize kwenye mengineyo," nikamjibu.

Sauti ya pili walicheka wote. Hata yeye mdomo ulimcheza, ingawa alijizuia. Kamati haikufuta uamuzi wake, na uamuzi wenyewe haukutekelezwa. Umelala kwenye faili lao mpaka leo. Mimi sikurudishiwa sare. Kundini sijarudi. Mchungaji ameniuliza kwa upole, nikamwambia siku nikienda mbele nitakwenda kwa sababu nina la kumwambia Mungu, si kwa sababu kamati imeniwekea sharti. Diski bado ninaileta kila Jumamosi, na neno lile sijaliandika tena. Majaribio mabovu yamejaa, jogoo anawika humo mpaka basi, na mimi nimeamua yakae.

Jumapili iliyofuata nilikaa kule tunakokaa tusioshiriki, benchi la mwisho karibu na mlango, mtoto mapajani. Kabla ya ibada ofisi hucheza nyimbo za kwaya kwenye spika za nje, folda nzima kwa mpangilio wa majina, watu wanaingia wanasalimiana. Sikuambiwa, wala sikumwomba mtu. Wimbo wa kuvuka ukafika. Nilijisikia nikianza, peke yangu, juu ya mawe ya Kiseke, na kina mama wakanijibu. Walichonikataza ni kusimama na kwaya. Habari ya benchi hawakuisema. Nikafungua mdomo nikaimba na mimi mwenyewe, kwanza taratibu. Waliokuwa mbele yangu wakageuka. Katibu, aliyekuwa anapanga vitabu karibu na madhabahu, naye akageuka, akanitazama.

Nikapandisha sauti.